Kaimu, deiwaka, tempo au kibarua: umwiteje anayeshikilia kazi ya mwenzake?

Kiswahili hakina neno moja la mtu anayeshikilia kazi ya mwingine kwa muda. Kina mengi, na kila moja lina mahali lilipokulia: ofisi ya serikali, kituo cha daladala, shule ya kata, gati la bandari, msikiti, benchi la timu. Ukilichukua neno kwao na kulipeleka kwingine bila kuangalia, utamkweza mtu, au utamshusha, au utamwandikia kwenye karatasi haki ambayo hana. Mwalimu anayemshikia mwenzake kipindi kimoja akiitwa kaimu, watu watacheka. Mkurugenzi akiitwa deiwaka watacheka zaidi, ingawa wapo wakurugenzi waliokaimishwa ambao moyoni wanajihesabu hivyo hivyo.

Kabla ya kuchagua, uliza mwenye kazi yuko wapi. Yuko likizo na atarudi? Ameondoka moja kwa moja na kiti kiko wazi? Au hajawahi kuwapo, kazi imezuka leo na jioni itakwisha? Ukishajua hilo, maneno mengi yanajichuja yenyewe. Yanayobaki uyatenganishe kwa kuuliza nani aliyemweka hapo na nani anamlipa.

Kaimu na naibu

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi, hata magazetini. Naibu ana cheo chake mwenyewe. Ana barua ya uteuzi, ana meza, ana majukumu yake bosi akiwapo au asipokuwapo. Kaimu amekalia kiti cha mtu, au kiti kisicho na mtu.

Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili. Philomena Mwilu alikuwa Naibu Jaji Mkuu wa Kenya wakati Jaji Mkuu David Maraga alipostaafu Januari 2021. Akawa Kaimu Jaji Mkuu mpaka Martha Koome alipoapishwa Mei mwaka huo, kisha akaendelea na unaibu wake kama kawaida. Unaibu haukuwahi kumtoka. Ukaimu ndio uliokuja ukaondoka.

Wala si lazima kaimu awe naibu kwanza. Tanzania, Januari 2017, Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman alipostaafu, Rais alimteua Ibrahim Hamis Juma, aliyekuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akaimu nafasi ya Jaji Mkuu. Septemba mwaka huohuo akateuliwa kuwa Jaji Mkuu kamili. Miezi hiyo yote kati ya Januari na Septemba alifanya kazi ya Jaji Mkuu, lakini neno Kaimu lilikuwa mbele ya cheo, na mawakili walikuwa na mengi ya kusema kuhusu neno hilo.

Kwa hiyo ukaimu ni wa aina mbili, na Kiswahili kimeziacha zote chini ya neno moja. Kuna kaimu wa kiti kitupu, anayesubiri kuthibitishwa au kupishwa mwingine. Kuna kaimu wa kiti chenye mwenyewe, anayesubiri bosi arudi safari. Huyu wa pili ndiye wa kila siku: "Mkuu yuko Dodoma, amenikaimisha mpaka Ijumaa." Ukiandika habari, sema ni yupi. "Kaimu Mkurugenzi amesaini mkataba wa miaka kumi" ina uzito tofauti kabisa ikiwa kiti kiko wazi tangu mwaka jana, au ikiwa mwenye kiti alikuwa Morogoro kwenye semina ya siku tatu.

Kenya imeuwekea mipaka. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inataka uteuzi wa kukaimu usipungue siku 30 wala usizidi miezi sita. Hilo linamaanisha kwamba aliyeshikilia ofisi wiki moja, kwa hesabu ya sheria hiyo, hakuteuliwa kukaimu, hata kama wenzake walimwamkia "Kaimu" korido nzima.

Halafu kuna *kny*. Aliyewahi kupokea barua kutoka halmashauri yoyote Tanzania anaijua: chini kabisa, saini ya mtu, jina lake, na chini yake "Kny: MKURUGENZI MTENDAJI (W)". Ni kifupi cha "kwa niaba ya". Wengi wanaisoma kama ukaimu, na sivyo. Aliyesaini kwa kny hakukalia kiti cha mtu. Ni afisa aliyetumwa kutia saini, na barua inabaki ya mkurugenzi. Aliyekaimishwa haandiki kny. Anaandika KAIMU MKURUGENZI MTENDAJI, na lawama ikija inamkuta yeye kwanza. Ukiwa na shaka kama aliyekujibu alikuwa na mamlaka, usisome jina lake, soma mstari ulio chini ya jina.

Makamu

Makamu na kaimu ni ndugu wa tumbo moja. Waarabu walikuwa na cheo cha *qaim maqam*, yaani anayesimama mahali pa mwingine. Kiswahili kikakigawa: "anayesimama" akawa kaimu, na "mahali" pakawa makamu. Lakini leo ndugu hawa hawafanani tabia. Makamu ni kama naibu, ana kiti cha kudumu. Makamu mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa ni makamu hata siku ambayo mwenyekiti yupo na anaongea peke yake.

Ikulu ndizo zinazoonyesha vizuri tofauti hiyo. Jomo Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, Daniel arap Moi, Makamu wa Rais, akawa *kaimu* rais kwa sababu katiba ya wakati ule ilimpa siku 90 tu za kushikilia. Oktoba 14 akaapishwa kuwa rais. Tanzania, John Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Makamu wake Samia Suluhu Hassan aliapishwa siku mbili baadaye kuwa *Rais*, amalizie muhula. Hakukaimu hata saa moja, na ukimwandika Kaimu Rais wa siku zile umekosea katiba. Kisha kuna Oktoba 2014: Uhuru Kenyatta alipokwenda Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, alimkabidhi William Ruto madaraka kwa siku chache, awe kaimu rais. Mwenye kiti yu hai, yuko ndegeni, na atarudi. Msiba wa Kenya wa 1978 na msiba wa Tanzania wa 2021 ilifanana. Maneno yalitofautiana kwa sababu katiba zilitofautiana.

Angalia pia kwamba Ruto hakuitwa Makamu. Tangu katiba ya 2010 Kenya ina Naibu wa Rais, na jina Makamu wa Rais limebaki la enzi zilizopita. Vyuo vikuu navyo vimeachana njia: anayeitwa Makamu Mkuu wa Chuo Tanzania, Kenya ni Naibu Chansela, na pande zote mbili ndiye anayekiendesha chuo, kwa kuwa Mkuu wa Chuo mwenyewe kazi yake kubwa ni kutunuku shahada. Chini ya Makamu Mkuu wa Chuo kuna manaibu, na naibu akisafiri kuna anayekaimu. Ndiyo maana mlangoni unaweza kukuta kibao cha "Kaimu Naibu Makamu Mkuu wa Chuo". Usicheke, kila neno hapo lina kazi yake.

Deiwaka

Sasa tushuke barabarani, ambako hakuna tangazo la gazeti la serikali.

Dar es Salaam, gari la abiria lina tajiri, yaani mwenye gari, na lina dereva na konda ambao tajiri anawafahamu. Jioni dereva anapeleka hesabu, yaani fedha ya siku waliyokubaliana na tajiri. Dereva akiugua, akichoka, akifiwa, gari halilali, maana hesabu haijui msiba. Hapo anaingia deiwaka. Ni dereva kama yeye, ana leseni yake, anashinda kituoni akisubiri nafasi kama hiyo. Makubaliano ni ya mdomo, na hufanyika dirishani injini ikinguruma:

"Mwanangu, nipokee mpaka saa kumi."

"Mafuta yapo?"

"Yapo. Ukitimiza hesabu, inayozidi ya kwako."

Kazi imeshahama. Tajiri hayumo kwenye mazungumzo hayo, na mara nyingi hatamwona deiwaka hata kwa sura. Deiwaka anawajibika kwa dereva aliyempa usukani, na dereva ndiye anayewajibika kwa tajiri. Kaimu hukalishwa kitini na mwenye mamlaka. Deiwaka hupewa kazi na mwenye kazi. Ndiyo maana gari likikamatwa na trafiki saa tisa alasiri, ubishi wa nani alipe faini haumaliziki siku hiyo. Deiwaka atasema taa ya breki ilikuwa mbovu tangu asubuhi. Dereva atasema mbona yeye hakukamatwa.

Neno limetoka barabarani likaingia kwenye bodaboda, saluni, baa na jikoni kwa mama lishe. Popote mtu anapoweza kumwachia mwenzake kazi bila kumuuliza bosi, na malipo yakatoka kwenye mapato ya siku hiyo, deiwaka ni neno sahihi. Lina ucheshi ndani yake, na lina dharau kidogo. Mtu akijiita mwenyewe "mimi hapa deiwaka tu" anajishusha kwa mzaha; ukimwita hivyo daktari aliyekuja kumshikia mwenzake zamu, umemtukana. Na usilipandishe kwenye mkataba. Mkataba wenye neno deiwaka ni kichekesho, kwa kuwa deiwaka ni mtu ambaye hana mkataba.

Ukivuka Namanga neno linakufa. Nairobi anayepokea matatu wenyewe wakienda kula au kupumzika ni mtu wa skwodi: naye anasubiri stendi, naye anapewa tripu kadhaa, naye hajulikani na mwenye gari. Ukiandika kwa wasomaji wa pande zote mbili, "dereva wa kupokezana" inaeleweka Arusha hadi Kisumu, ingawa haina chumvi.

Tempo, BOM, kujitolea, lokamu

Shuleni mambo yanabadilika kwa sababu aliyekosekana mara nyingi hakukosekana kwa siku moja.

Tanzania kijana aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo au chuo, anakwenda "kupiga tempo" kwenye shule yenye upungufu wa walimu. Mwalimu wa tempo anaziba pengo, lakini pengo lenyewe huenda halina jina: hakuna mwalimu wa fizikia aliyeondoka, hakuletwa tu. Mwalimu wa kujitolea ni jirani yake wa karibu. Tofauti ni kwamba huyu mara nyingi ana cheti tayari, anasubiri ajira ya serikali, na anaishi kwa posho ya wazazi au ya shule. Kumwita wa tempo kunamuudhi, na ana haki ya kuudhika, kwa sababu tempo inasikika kama mtu anayepitisha muda.

Kenya atakuwa mwalimu wa BOM, yaani anayelipwa na bodi ya shule badala ya tume ya walimu, TSC. Jina hilo linataja mlipaji tu. Halisemi kama mtu ameshika nafasi ya mwingine, wala kwa muda gani, na wapo waliokaa na jina hilo miaka. Kwa hiyo mwalimu wa TSC akienda likizo ya uzazi na bodi ikamwajiri mtu wa kumshikia, "mwalimu wa BOM" ni kweli lakini haitoshi. Itabidi useme anamshikia nani.

Lokamu ni ya hospitali na maduka ya dawa, na ni ya Kenya zaidi. Daktari, muuguzi au mfamasia anafanya lokamu anapochukua zamu au likizo ya mwenzake na kulipwa kwa zamu. Imetoka kwenye maneno ya Kilatini yenye maana ya kushika mahali, kwa hiyo kwa maana ni kaimu aliyevaa koti jeupe. Kwa kazi yuko karibu zaidi na deiwaka, isipokuwa jambo moja kubwa: anayemlipa ni hospitali, na hospitali inamjua kwa jina na kwa namba ya usajili.

Kibarua

Hili ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Kibarua si mshikiliaji wa kazi ya mtu. Hajakalia kiti cha yeyote. Amekuja kwa sababu leo kuna mifuko ya saruji ya kushusha, na ikishushwa hana cha kufanya hapo. Ukiuliza mwenye kazi yuko wapi, jibu ni kwamba hayupo na hatakuwapo.

Neno linatokana na barua ndogo: kikaratasi ambacho mfanyakazi wa siku alipewa na kukirudisha ili alipwe. Unguja na Mombasa ya karne ya 19 wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Leo kikaratasi kimepotea na neno limegawanyika. Kibarua *amefika*: ni mtu. Kibarua *kimeota nyasi*: ni kazi, na hapo hata kocha wa ligi kuu au waziri anaingia. Timu ina *kibarua kigumu* Jumamosi: hapo hakuna ajira tena, ni shughuli nzito tu. Upatanisho wa sarufi ndio unaokuambia uko wapi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtambua kibarua kuwa ni yule anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, kifungu cha 37 kinamtoa kwenye ukibarua na kumpa ulinzi wa mwajiriwa wa mkataba. Kwa hiyo mwajiri anayemwita "kibarua" mtu anayemshikia karani miezi mitatu hajapunguza mzigo wowote. Amechagua neno ambalo mahakama italiweka kando.

Saidia fundi wa Tanzania, au mtu wa mkono wa mjengoni Kenya, naye si mshikiliaji. Ni msaidizi, na fundi yupo.

Mbadala, badali, akiba

Mbadala linavutia kwa sababu linasikika rasmi. Kwa vitu ni zuri: nishati mbadala, adhabu mbadala, njia mbadala. Kwa watu lina mtego, hasa Tanzania. Matangazo ya halmashauri husema zimepata "kibali cha ajira mbadala", na wasiojua hudhani ni kazi za muda. Ni kinyume chake: ni ajira za kudumu za kujaza nafasi za waliostaafu, waliofariki au waliohama. Ukimwandika mshikiliaji wa miezi mitatu kuwa "mwajiriwa mbadala", umemwahidi zaidi ya ulichokusudia.

Badali limebaki zaidi pwani na kwenye dini. Hija ya badali ni ile mtu anayomhijia marehemu au asiyejiweza, na kwa mafundisho ya Kishafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, anayekwenda ni lazima awe ameshajihijia mwenyewe kwanza. Ni sharti ambalo ofisi zetu zingeweza kuliiga kwa makaimu.

Akiba ni la uwanjani. Mchezaji wa akiba yupo benchi kabla mtu hajaumia, na akiingia, aliyetoka harudi. Kwa hiyo hafanani na kaimu wala deiwaka. Kocha anayeshikilia timu baada ya mwenzake kufukuzwa ni kocha wa muda au kaimu kocha mkuu, na magazeti yanatumia yote mawili bila ugomvi.

Ukitaka kuandika tangazo

"Wa muda" ndilo neno la wengi, na peke yake ni bovu. Mhadhiri wa muda ni yule atakayeondoka Desemba, au ni yule anayekuja Jumanne na Alhamisi tu? Vyuo vinatumia neno hilo kwa wote wawili. Ukiandika "wa muda", ongeza muda gani.

"Kushika nafasi ya" nayo ina mtego wake. Koome *alishika* nafasi ya Maraga, na hakuishika kwa muda. Kitenzi salama ni kushikilia, kwa sababu anayeshikilia atakiachia kitu mwenyewe akirudi.

Chukua kisa cha kawaida kuliko vyote: mhasibu wa shirika dogo anakwenda kujifungua. Tanzania sheria inampa siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya miezi mitatu. Anayekuja si kaimu, maana hapewi mamlaka ya cheo. Si deiwaka, maana analipwa na shirika. Si kibarua, si mbadala. Andika hivi: "Anahitajika mhasibu wa kushikilia kwa muda nafasi ya mhasibu atakayekuwa likizo ya uzazi. Mkataba ni wa miezi minne." Mwezi unaozidi likizo ni wa makabidhiano: wiki mbili mwenye kazi hajaondoka, na wiki mbili akiwa amerudi.